Mwacha Mila ni Mtumwa wa Nani?

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wakati wa kupigania uhuru, na katika miaka ya kujenga taifa iliyofuata, usemi huu ulikuwa ngao ya watu waliofundishwa na mkoloni kuzidharau ngoma zao, lugha zao na majina yao. Sisi tuliolelewa na usemi huo hatuna nia ya kuutupa. Lakini ngao nayo huweza kugeuzwa rungu. Siku hizi usemi huohuo hutolewa barazani mjane anapouliza habari za nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, na binti anapouliza habari za shamba la baba yake. Na wanapoinuka wanawake waliosomea sheria kuyatetea maswali hayo, huambiwa kwamba wamerudi na kasumba ya Ulaya na kwamba elimu imewapoteza.

Twasema kinyume cha hayo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wanawake wanazuoni wa sheria, wa hapa kwetu na wa nchi za mbali, hawakuja kuivunja mila. Wamekuja kumkumbusha hakimu jambo ambalo lugha yetu yenyewe imelihifadhi, yaani hakimu, hukumu na hekima ni maneno ya shina moja. Anayetoa hukumu kwa jina la mila bila kuuliza ilisemwa na nani, ilibeba wajibu gani, na inamuumiza nani, huyo amebakiwa na hukumu tupu. Hekima imemtoka.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza, kwa Tangazo Na. 436, kanuni za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, Wasukuma wakiwa miongoni mwao. Kanuni hizo ziliwapanga watoto katika madaraja matatu: mwana wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo, lakini si kuiuza. Ama mjane, ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, hakuwekewa fungu lolote katika mali. Fungu lake lilisemwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo ya mwisho yana utamu wa ushairi. Nasi tunaotunga mashairi twajua jinsi ilivyo rahisi kuifunika njaa kwa vina na mizani.

Sasa tuitazame kanuni hiyo ikiwa kazini huku kwetu. Kata ya Kalangalala, hapa mjini Geita, si mahali pa ardhi ya ukoo. Huu ni mji wa dhahabu. Watu wameujia kutoka Shinyanga, Mwanza, Kagera na mbali zaidi, nao mkoa wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa maeneo ya mikoa hiyo mitatu. Katika nyumba nyingi mume hushuka duarani, na mke huwapikia wachimbaji chakula cha kuuza, au huponda mawe na kuosha mchanga juani kutwa nzima. Kiwanja hununuliwa kwa fedha za wawili, na matofali huongezwa kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Tuseme mume anafukiwa na kifusi, au homa inamchukua. Kabla ya matanga kwisha huwasili ndugu ambaye hakubeba hata tofali moja, naye hutaja mila. Mila gani hiyo? Kiwanja hicho hakikuachwa na babu, wala ng'ombe wa ukoo hawakutolewa kukinunua. Mwenye jasho lake ndani ya kuta zile yu hai, amekaa mkekani amejifunga kaniki, naye anaambiwa afungashe vyombo.

Mambo ya namna hii yalifika mahakamani, tena yalitoka katika mkoa wa Shinyanga. Wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba zao na jamaa za waume zao waliiomba Mahakama Kuu itamke kwamba kanuni zile za mwaka 1963 zinapingana na Katiba. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi. Hata hivyo ilikataa kuzifuta. Ilisema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na ikaogopa kufungua mlango wa kesi juu ya mila za makabila yetu zaidi ya 120. Wajane wakaelekezwa kwenda kwenye halmashauri za wilaya. Walipokata rufaa walingoja hadi mwaka 2010, na rufaa yao ikaondolewa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa katika karatasi ya mahakama. Shauri likapelekwa mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwezi Machi 2015 Kamati hiyo ikaamua kwamba haki za wajane hao zilivunjwa, na ikaitaka nchi yetu ifute au irekebishe kanuni hizo.

Wako waliosema kwamba ni aibu kuitoa siri ya nyumba nje. Sisi twasema aibu iko mahali pengine. Wajane wale walikwisha kugonga kila mlango wa nyumbani. Aibu ni kumwambia mtu kwamba ameonewa, kisha kumwambia aende zake.

Hebu basi tuyachukue yale maswali matatu tuliyoyataja.

La kwanza ni hili: mila hiyo ilisemwa na nani? Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Yalipoandikwa mambo ya namna hiyo katika enzi za ukoloni, walioulizwa hasa walikuwa watemi na wazee wa kiume, yaani wenye mamlaka na wenye kurithi. Mwanamke aliyekuwa akiishi chini ya desturi hizo alikuwa jikoni akiwapikia wageni. Kazi hiyo ya kukusanya na kuunganisha mila ndiyo iliyotangulia tangazo la mwaka 1963. Na tazama kinyume cha mambo: mwaka huohuo taifa letu lilipoyaondoa mamlaka ya watemi, kanuni za urithi zilizotokana na kauli za wakubwa wa zamani zilipigwa chapa na kupewa nguvu ya sheria.

Mwanazuoni Sally Falk Moore, Mmarekani aliyesomea sheria na elimu ya jamii, alifanya uchunguzi miaka mingi kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 alionyesha kwamba kile kilichoitwa sheria ya mila hakikusimama mahali pamoja toka mwaka 1880 hadi 1980. Kahawa ilipoingia, ardhi ilipopungua, na wakoloni walipotawala, nayo ilibadilika, ingawa jina lake lilibaki lilelile. Somo kwa hakimu ni dhahiri. Asemaye kwamba mila haibadiliki hajaitazama historia yake. Mila ya kwenye karatasi haibadiliki kwa kuwa karatasi haizai, haifiwi, wala haifukuzwi nyumbani.

Swali la pili: mila hiyo ilibeba wajibu gani? Katika utaratibu wa zamani aliyeichukua mali ya marehemu aliuchukua na mzigo wake. Mjane aliweza kubaki katika mji wa mumewe, hata kurithiwa na ndugu wa marehemu, na watoto walilishwa kutoka ghala lilelile. Hatuusifu utaratibu huo, wala hatutaki urudi, kwa sababu ulimfanya mwanamke kuwa sehemu ya mirathi. Lakini ulikuwa mizani yenye sahani mbili. Shemeji wa leo huibeba sahani ya mali na kuiacha ya wajibu chini. Huyo hafuati mila. Huyo anaichuna mila ngozi na kuiacha nyama.

Sylvia Tamale wa Uganda, mwanamke wa kwanza kukiongoza Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Makerere, amepinga kwa nguvu fikra kwamba utamaduni wa Kiafrika na haki za wanawake ni maadui wa kuzaliwa. Ameonyesha kwamba ndani ya utamaduni wenyewe mna nyenzo za kumkomboa mwanamke, mradi wenye kuufasiri wasiwe wanaume peke yao. Hapo ndipo shutuma ya kasumba inapoanguka. Mwenye kasumba ni nani, anayetaka ukoo urudi kwenye wajibu wake, au anayekishika kitabu cha enzi za mkoloni na kukiita babu?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: aliyeumia anasemaje? Judith Shklar, mzaliwa wa Riga aliyekimbia vita akiwa msichana na kuja kuwa mwalimu wa falsafa ya siasa katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1990 kitabu juu ya sura za dhuluma. Aliwalaumu wanafalsafa kwa kuieleza haki kwa marefu na mapana, huku dhuluma wakiiona kuwa ni ukosefu wa haki tu, isiyohitaji kuchunguzwa yenyewe. Akauliza: msiba ni mkosi wakati gani, na ni dhuluma wakati gani? Akafundisha kwamba swali hilo halijibiwi kabla ya kumsikiliza aliyepatwa.

Lugha yetu ilikwisha kulisema jambo hilo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kifo cha mume ni mkosi. Hakuna mahakama inayoweza kukizuia. Kutolewa nyumbani baada ya kifo hicho si mkosi. Ni tendo la watu, lina wenye kulitenda na wenye kulitazama, na lina kifungu cha kanuni kinacholiunga mkono. Hakimu anayemwambia mjane asubiri jamii ibadilike ameichukua dhuluma na kuiita mkosi. Magdalena Rwebangira, mwanasheria wetu, aliandika mwaka 1996 kitabu kizima kilichoitazama hali ya mwanamke katika sheria na umaskini wa Tanzania kwa pamoja. Haki inapocheleweshwa, ucheleweshaji huo huliwa mezani: ada ya shule, kodi ya chumba, unga wa jioni.

Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo si hoja ya kipuuzi. Husemwa kwamba hakimu si Bunge, na kwamba akianza kufuta mila kwa kalamu yake atakuwa mtawala asiyechaguliwa na mtu. Jibu letu ni kwamba Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na ubaguzi ukakatazwa humo. Hakimu anayeitii Katiba hatungi sheria mpya. Anaitii iliyo kuu.

Wala hatuzungumzi juu ya ndoto. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata mali ya familia kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla ya hapo wako majaji walioamini kwamba kupika na kulea ni wajibu tu, usiohesabika. Tusifiche kwamba mama huyo mwenyewe hakushinda rufaa yake. Lakini kanuni iliyowekwa siku ile imewafaa wanawake wengi baada yake. Kisha mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la Ephrahim na Pastory kutoka Muleba. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa akadai kwamba mila inamkataza. Jaji akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi. Mbingu hazikuanguka Muleba. Migomba inaendelea kuzaa.

Majaji hao walikuwa wanaume, nalo ni jambo la kuzingatiwa. Twajivunia kwamba Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria tangu mwaka 1975, na kwamba Eusebia Munuo alifika Mahakama ya Rufani akiwa mwanamke wa kwanza. Twaafiki pia kwamba sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliagiza baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na wanawake wasipungue watatu. Lakini kiti peke yake hakitoshi, kama watatu hao huitwa kutia sahihi baada ya wanne kuamua. Kinachotakiwa ni swali kuingia barazani, aulizaye awe mwanamke au mwanamume.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kiswahili na wa Historia waisome kanuni ile ya mjane mbele ya wanafunzi, na wawaulize maswali yale matatu: ilisemwa na nani, ilibeba wajibu gani, inamuumiza nani? Wavulana wajibu kwanza, kwa maana wao ndio mashemeji wa kesho. Nao wasichana wajue kwamba kuuliza si utovu wa adabu.

Mwacha mila ni mtumwa, hatulikanushi. Ila anayeifuata asiyoijua asili yake, akamtoa mke wa nduguye nje usiku kwa jina lake, naye ni mtumwa vilevile, tena wa bwana ambaye hajawahi kumwona. Mila tunayoitetea ni ile inayomwacha mjane alale ndani ya nyumba yake.