Mwacha Asili Ni Nani?

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa ni methali njema, lakini imeingia mikononi mwa watu waitumiao kama rungu. Kila mpiga ala athubutupo kuunganisha ngoma ya kwao na ngoma ya jirani hupigwa nayo kichwani. Miaka michache iliyopita nilihudhuria shindano la muziki la wanafunzi. Kijana mmoja alikuja na zeze la babu yake, mwenziwe akaja na gitaa. Wakapiga pamoja, na ukumbi mzima ukanyamaza. Waamuzi wakawatoa shindanoni. Walisema kwamba muziki wao haukuwa wa asili wala haukuwa wa kisasa, kwa hiyo haukuwa na safu ya kuandikwa katika daftari. Yule kijana akalifunga zeze lake ndani ya kanga akaenda zake, na tangu siku ile sijamwona nalo tena.

Nataka kuwajibu waamuzi wale, pamoja na wanazuoni waliowafundisha, kwa habari za mtu mmoja ambaye santuri zake nimezisikiliza miaka mingi. Nakiri mapema kwamba nampenda. Msomaji na ayapime maneno yangu akijua hivyo. Mtu huyo ni Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, aliyezaliwa New York mwaka 1958. Alipewa banjo yake ya kwanza na babu yake akiwa na umri wa miaka 15. Alianza kwa kujifunza muziki uitwao bluegrass, ambao ni wa milimani na mashambani kwao, hata akauweza barabara. Mwaka 1988 aliunda kundi la Flecktones, akauoza muziki ule kwa jazi. Mwaka 2001 alitoa santuri ya Perpetual Motion, ambamo kazi za Bach, Chopin na Scarlatti zilisikika katika ala ambayo mabwana wa Ulaya waliidhania kuwa ya vichekesho. Baadaye alipiga pamoja na Zakir Hussain, bingwa wa tabla wa Bara Hindi, na mwaka 2011 alitunga konseto ya banjo na okestra kubwa.

Waamuzi wetu watauliza: mtu huyu ataandikwa katika safu ipi? Nami nawauliza swali lililo kubwa zaidi: banjo yenyewe ni ya nani?

Banjo ni mtoto wa Afrika. Watumwa waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa nguvu walikwenda na ujuzi wa kutengeneza ala za kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Hata leo Wajola wa Senegali na Gambia wanayo akonting, ambayo uzi wake mmoja ni mfupi kuliko wenziwe na hupigwa kwa kidole gumba, kama ulivyo uzi mfupi wa banjo. Ala hii ilichukuliwa na Wazungu wa Marekani, ikatumiwa jukwaani kumdhihaki Mwafrika yule yule aliyeileta, kisha watu wengi wakasahau ilikotoka. Mwaka 2005 Fleck aliichukua banjo akaja nayo Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Safari ile ilitoa filamu mwaka 2008 na santuri mwaka 2009, na santuri hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2010. Basi mtu huyu ameiacha asili, au ameifuata mpaka mlangoni kwake?

Najua lipo jibu kali, wala silidharau. Husemwa kwamba huu ni wizi wa zamani uliovaa kanzu mpya: mgeni huja, huchukua, hurudi kwao na tuzo. Wizi wa namna hiyo umekuwapo, na watungaji wengi wa Afrika wamekufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Lakini mwizi hatambulikani kwa kuchanganya. Hutambulikana kwa kuficha jina la mwenye mali. Katika santuri ile Anania Ngoliga, mpiga ilimba na zeze wa Tanzania asiyeona kwa macho, ametajwa kwa jina lake. Mwaka 2009 yeye na John Kitime walizunguka Marekani wakipiga jukwaa moja na Fleck. Sikiliza ilimba na banjo zikijibizana: mara moja huongoza, mara nyingine hufuata, wala hakuna aliye mapambo ya mwenziwe.

Hata hivyo mpenzi asiyeona kosa la ampendaye ni kipofu kuliko Ngoliga. Filamu na santuri zile zimepewa jina la Kiingereza lenye maana ya bwaga moyo, kutokana na mji wa Bagamoyo, na maana iliyoshikwa ni ile ya mtumwa akataye tamaa afikapo pwani. Lakini wako wasemao kwamba jina hilo ni la wapagazi, waliofurahi kutua mizigo yao baada ya mwendo mrefu kutoka bara. Mgeni alichagua maana moja, nayo ni ile yenye machozi. Kosa hili lastahili kusemwa. Lakini dawa yake ni kusimulia maana zote mbili, si kumfungia mgeni mlango.

Tena sisi watu wa pwani hatuna uso wa kuhubiri usafi wa muziki. Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri, akiimba Kiswahili juu ya udi na fidla. Leo taarab huitwa asili yetu, na wale wale wanaoitetea wangeitoa shindanoni kama ingezaliwa jana. Lugha hii niandikayo nayo imekopa kwa Mwarabu, Mhindi, Mreno na Mwingereza, na bado ni ya Kibantu katika mifupa yake.

Sisemi kwamba kila mchanganyiko ni mwema. Asiyejua kupika wali hawezi kupika pilau. Fleck aliujua kwanza muziki wa kwao, ndipo akabisha hodi kwa wengine. Na alipobisha, alikaa akajifunza. Hiyo ndiyo sharti, nayo ni ngumu kuliko sharti ya daftari. Ya daftari humtaka kijana asitoke nyumbani. Hii humtaka aijue nyumba yake hata aweze kurudi gizani.

Basi, enyi wanazuoni mtakaoketi viti vya uamuzi kesho, ongezeni safu moja katika daftari zenu. Na kama yuko miongoni mwenu amjuaye kijana yule mwenye zeze, amwambie kwamba hatukuwa sote upande wa waamuzi. Nilikuwa ukumbini, nilisikia, na nilinyamaza wakati wa kusema. Haya ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.