Gunia la kasiterite liko na nimero. Bunduki je?



Kila mutu aliyefanya kazi ya machimbo pande za Kalima ao Kailo anajua ile etikete. Muchimbaji analeta muchanga, wakala wa Serikali anapima, anafunga gunia na etikete yenye nimero, kisha anaandika kwenye buku: umetoka wapi, siku gani, kilo ngapi. Viwanda vya ng'ambo vilitaka kujua muchanga wetu unatoka wapi, basi watu wakafundishwa, vifaa vikaletwa, kazi ikaanza.

Sasa tunauliza: bunduki inayopita kwenye barabara ileile, nani anasoma nimero yake?

Hii si maneno ya mbali. Mwanzo wa 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliangukia mikononi mwa M23, na silaha nyingi zilizoachwa zikatawanyika. Shabunda, kwenye Raia Mutomboki walizaliwa, ni jirani yetu. Watu wa Salamabila wanawajua Mai-Mai Malaika. Bunduki haijui mupaka wa jimbo. Tena wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba sehemu ya silaha na masasi ya vikundi inatoka kwenye depo za jeshi letu wenyewe. Basi tusichunge mupaka tu, tuchunge pia mulango wa depo.

Dawa iko, na inchi yetu iliikubali zamani. Tarehe 21 Aprili 2004 Kongo ilitia sahihi Protokole ya Nairobi juu ya silaha ndogo. Mwaka 2010 Mapatano ya Kinshasa yakapitishwa hapa kwetu, yakaanza kutumika 2017. Kituo cha RECSA, chenye makao Nairobi, kiligawia inchi wanachama mashini za kuchora alama kwenye chuma cha bunduki. Ile alama inaandikwa ndani ya ordinatere. Siku bunduki inakamatwa kwa muhalifu, mutu anaweza kutafuta ilitoka depo gani na nani aliipokea. Masasi hayaandikwi moja moja namna hiyo, lakini kisanduku kiko na nimero ya loti. Kiandikwe kikiingia, kiandikwe kikitoka.

Lakini mashini bila mutu aliyefundishwa ni chuma tu. Polisi asiyejua kusoma alama ataandika « AK moja », na habari inafia hapo. Kwa hiyo mafunzo yasiishie kwenye hoteli za Kinshasa. Yafike kwa mutunza depo, kwa polisi wa bariere, kwa wakala wa mahakama. Na ordinatere ipewe paneli ya jua, maana sisi wote tunajua umeme wetu.

Tena tusidanganyane: nimero peke yake haitoshi. Mwaka 2022 shirika Global Witness lilisema kwamba etikete zilikuwa zinafungwa hata kwenye magunia ya machimbo yasiyoruhusiwa. Alama inauzwa kama mwenye kuitunza hachungwi. Na askari asiyelipwa anaweza kuuza masasi hata kama yameandikwa.

Halafu kuna Wazalendo. Vijana wenzetu wanaosimama juu ya inchi, tunawaheshimu. Lakini bunduki anayopewa kijana bila kuandikwa, siku vita inaisha itarudi kwa nani? Tuliona nyuma ya vita ya 1998: bunduki zilibaki vijijini, na raia ndiye alilipa.

Kwa hiyo tunaomba, tena tunadai:

– Tume ya taifa ya kuchunga silaha ndogo (CNC-ALPC) iambie raia ni silaha ngapi za jeshi na polisi katika Maniema zimekwisha kuchorwa alama, na lini kazi itafika teritware ya Pangi.

– P-DDRCS iandike kila silaha inayorudishwa, na zile za kuharibiwa ziharibiwe mbele ya raia.

– Wabunge wa Maniema wamuulize waziri wa ulinzi na wa mambo ya ndani: mutunza depo aliyepoteza silaha anajibu mbele ya nani? Na mushahara wa askari unafika lini?

– Sisi vijana: usinunue, usifiche, usibebe kwa moto yako muzigo usioujua. Ukipata habari ya silaha, usiweke jina ao picha ya mutu kwenye WhatsApp; unaweza kumuua aliyekuambia. Peleka kwa njia ya siri, kwa mutu unayemuamini.

Gunia la muchanga linaulizwa limetoka wapi mbele ya kuvuka mupaka. Tunataka bunduki nayo iulizwe, mbele ya kuua mutu wa Kampene.