Tukidai hijabu bara, tumkumbuke na Mkristo wa darasa letu

Januari hii jirani yangu alinijia na barua mkononi. Binti yake ameitwa Gredi ya 10 katika shule ya bweni huko bara. Shule ni nzuri, na barua imeorodhesha kila kitu, kuanzia godoro na kufuli hadi idadi ya soksi. Mtandio haumo. Alipopiga simu kuuliza, alijibiwa kwa upole kwamba shule ni ya kanisa na sare ni moja kwa wote. "Baba Rahma," akaniambia, "nimpeleke ama nimwache?"

Swali hili hurudi kila msimu wa kuitwa shule. Kuna wazazi wanaopeleka, binti akavua mtandio langoni. Kuna wanaokataa, na nafasi ambayo mtoto aliitolea jasho ikaenda kwa mwingine. Kwa vyovyote vile, anayelipa ni mtoto.

Kwanza tusahihishe jambo moja. Barazani husemwa kwamba mahakama ilipiga marufuku hijabu mashuleni. Sivyo. Kesi inayotajwa ni ya Shule ya Sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, shule ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Kanisa lilikwenda kortini kupinga wasichana Waislamu kuruhusiwa kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo wa rufaa, lakini kwa sababu dai la mzazi aliyewatetea halikufikishwa kortini kwa utaratibu unaotakikana. Kiini cha swali, yaani kama shule ya umma yaweza kumvua mtoto hijabu, mahakama hiyo haikukiamua. Mlango wa kurudi Mahakama Kuu uliachwa wazi. Tangu hapo kila shule imekuwa ikijiamulia, na sisi tumekaa tukilalamika.

Sheria yenyewe haiko kimya. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na kinakataza kumlazimisha kutenda kinyume cha imani yake. Kifungu cha 27 kinataja dini, na hata mavazi, miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Hata hivyo tuwe waadilifu kwa makanisa. Shule nyingi walizijenga wao, kisha Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka chini ya serikali na wao wakabaki wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa viti katika bodi na kazi ya malezi ya kiroho, na kasisi wamlipe wenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo inawataka walinde dini ya watoto wasio wa kanisa lao. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Kwangu mimi mpaka uko wazi. Msalaba ulio juu ya lango au katika nembo ya shule ni historia ya waliojenga. Binti yetu atapita chini yake na imani yake haitapungua. Mtandio alio nao kichwani ni ibada yake mwenyewe. Tatizo linaanza pale shule inaponyoosha mkono hadi kwenye mwili na ulimi wa mtoto: imvue alichovaa kwa ajili ya Mola wake, au imtamkishe sala isiyo yake.

Sasa tugeuze kioo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Huku kwetu, ambako sisi ndio wengi, nimehudhuria siku ya kugawa zawadi katika shule ya umma. Ilikuwa qasida baada ya qasida, na watoto wote wamevalishwa kofia na mitandio, pamoja na watoto wawili watatu ambao Jumapili wako kanisani. Sisi wazazi tulipiga picha tukifurahi. Hakuna aliyeuliza kama wazazi wao waliombwa ruhusa. Nami sikuuliza. Nikijiweka mahali pao, naona ni lile lile tunalolilia huko bara. Aya ya 256 ya Suratul Baqara inakataza kulazimisha watu dini, wala haikututoa sisi Waislamu pale tunapokuwa wengi.

Sikukuu nazo zina mizani yake. Krismasi huangukia likizo ya Desemba, haimsumbui mwanafunzi yeyote. Idd husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo mara nyingi huangukia katikati ya muhula, na mtoto wa bweni huisali mbali na wazazi. Si sisi peke yetu wenye shida ya kalenda. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki Waadventista wa Sabato waliopinga watoto wao kulazimishwa masomo siku ya Jumamosi. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamuru mwanafunzi wa Kirasta aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani. Mkristo na Mrasta wameshinda kwa hoja ile ile ya kifungu cha 32. Kwa nini tuitetee hijabu kana kwamba ni vita vya Waislamu na Wakristo?

Jirani yangu nilimshauri hivi: asipige simu, aandike. Aiombe bodi impe jibu kwa maandishi, ataje vifungu hivyo vya Katiba, aseme mtandio utakuwa wa rangi ya sare, na nakala aipeleke ofisi ya elimu ya kaunti. Neno la simuni halina ushahidi. Barua kama hizo zikikusanywa, mawakili wetu watakuwa na kesi ya kupeleka Mahakama Kuu, safari hii kwa utaratibu.

Na sisi tuliobaki huku tuna kazi yetu. Katika kikao kijacho cha wazazi, tumuulize mwalimu mkuu: mtoto Mkristo wa hapa ana mwalimu wa somo la dini yake? Wakati wa dua na Maulidi, ana ruhusa ya kukaa kando bila kuchekwa? Tukilisimamia hilo kwa mtoto wa wenzetu, tutakuwa na uso wa kumdai mwalimu mkuu wa bara.

Barua ya jirani imekwenda. Binti bado yuko nyumbani, sanduku limefungwa, anangoja jibu huku wenzake wameshaanza masomo.