Kimea si kitu kigeni huku kwetu

Wasee, leo tunaongea bia. Kama hujafikisha miaka 18, tupatane kesho kwa ile video ya maembe ya Mbeere.

Nimeonja ile bia ya kimea ya viwanda vidogo vya Nairobi. Ni ya kahawia, povu zito. Mtandaoni wanasema eti ina ladha ya tofi na karameli. Sawa, lakini ulimi wangu ulikulia Meru. Mimi nilisikia uji wa wimbi ulioshika chini ya sufuria, ule ukoko mnaopigania na ndugu zako. Kisha inakuja ladha ya ganda la mkate uliochomwa kwa makaa, na mwishoni uchungu kidogo wa hopi, haukai. Usiinywe ikiwa baridi kama barafu, hutasikia kitu. Iache mezani dakika kumi hivi. Ni tamu, sikatai.

Sasa muulize shosho yeyote wa Tharaka au Mbeere vile marwa hutengenezwa. Nafaka inalowekwa, inafunikwa mpaka ichipue, inaanikwa, inasagwa. Hicho ndicho kimea! Kuchipua ndiko kunafanya wanga ugeuke sukari, na hamira ikila hiyo sukari unapata pombe. Bia ya Nairobi ni njia ile ile, ila ni shayiri, imechujwa, na ina hopi. Marwa ni nzito, ina uchachu, unaweza karibu kuitafuna. Lakini ule utamu wa nafaka ni mmoja.

Kinachoniuma si jina, ni pesa. Mtama wa Gadam unakubali sehemu kavu za Meru, Tharaka Nithi na Embu, mahali mahindi yanakuaibisha. Na soko lake kubwa ni gani? Kegi ya Senator. Ilianza 2004, baadaye ikapikwa kwa mtama, wakulima wakapanda. 2013 serikali ikapunguza msamaha wa ushuru, bei ikapanda, wanywaji wakahepa, na mtama ukakosa mnunuzi. Msamaha ulirudishwa 2015, sawa, lakini mkulima ambaye magunia yamemkalia kwa nyumba miaka miwili utamwambia nini? (Niliacha chuo kabla ya kumaliza uchumi, lakini hesabu hii haihitaji digrii.)

Kwa hivyo nyinyi mnaopika bia za bei ya juu, ombi langu ni moja. Pikeni hata pipa moja la kimea cha mtama wa Mbeere au wimbi la Meru, na muandike kwa chupa nafaka imetoka wapi. Msiichuje sana. Acheni uchachu kidogo ubaki, watu wataelewa.

Mkiipika, niiteni. Nauli nitajilipia.