Kutoa Si Kujumlisha: Programu za Mabomba Zinavyotuficha Hesabu

Kuna msemo umeenea kati ya mainjinia na wauzaji wa programu: eti programu zote za kukagua mkazo wa mabomba zinafuata kanuni moja, kwa hiyo zinatoa jibu moja. Nunua tu ile unayoimudu. Leo naupinga msemo huo, tena waziwazi.

Lakini mwandika programu wa Bahati mabomba yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu jirani yetu ni Menengai. GDC ilianza kuchimba visima huko mwaka 2011, na mwaka 2023 kituo cha Sosian cha megawati 35 kikaanza kuzalisha umeme. Mvuke unatoka kisimani hadi kwenye mtambo kwa mabomba ya chuma. Chukua bomba la mita 100, lipashe kutoka nyuzi 20 hadi 180 za Selsiasi: litarefuka karibu sentimita 19. Ndiyo maana mabomba ya mvuke hukunjwa kama herufi U kila baada ya umbali fulani. Si urembo! Bila mikunjo hiyo, kitu fulani lazima kivunjike.

Kabla bomba kama hilo halijajengwa, linaingizwa kwenye programu: CAESAR II, AutoPIPE, CAEPIPE na nyinginezo. Unaipa mizigo: uzito, presha, joto, tetemeko, upepo. Kisha kanuni kama ASME B31.1 inauliza maswali tofauti kuhusu bomba lile lile. Je, litahimili uzito na presha siku zote? Je, litahimili kupanuka na kunywea kila linapowashwa na kuzimwa? Je, litahimili tetemeko likija juu ya hayo? Kila swali lina mchanganyiko wake wa mizigo na kikomo chake. Na hapa ndipo programu zinapoachana njia.

Haya, tufanye mfano wa karatasi. Bomba limekaa juu ya egemeo la kawaida, halikufungwa. Egemeo linaweza kulisukuma bomba juu, haliwezi kulivuta chini. Likiwa baridi, uzito unaokaa hapo ni kilonyutoni 12. Bomba likipata moto, sehemu ya jirani iliyosimama wima inarefuka na kulinyanyua. Tuseme athari hiyo peke yake ni kilonyutoni 20 kuelekea juu. Swali: egemeo linabeba kiasi gani bomba likiwa moto?

Jibu la kwanza: programu inachukulia egemeo linashika pande zote, kisha inajumlisha. 12 kutoa 20 ni hasi 8. Yaani egemeo linalivuta bomba chini! Kwa mikono ipi?

Jibu la pili: programu inajua egemeo halishiki, lakini inakokotoa joto peke yake, bila uzito. Bomba linanyanyuka, egemeo linabeba sifuri. Kisha inajumlisha na uzito: 0 na 12 ni 12. Hapo ripoti inasema egemeo linaendelea na kazi, kumbe bomba limeshaning'inia hewani.

Jibu la tatu, lililo sahihi: kokotoa uzito, presha na joto kwa pamoja. Bomba limenyanyuka, egemeo linabeba sifuri, na zile kilonyutoni 12 zimehamia kwa maegemeo ya jirani. Ukitaka athari ya joto, toa hali ya baridi kutoka hali ya moto.

Majibu matatu, bomba moja. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kilichobadilika ni nini kilikokotolewa kabla ya nini. Pale ambapo kuna egemeo linaloachia, pengo au msuguano, mizigo haijumlishwi kama shilingi.

Sasa tuzilinganishe. CAESAR II inakuwekea orodha ya hali mbele ya macho. L1 ni uzito na joto na presha, L2 ni uzito na presha, L3 ni L1 kutoa L2. Unachagua pia namna ya kuchanganya: kwa aljebra, ambapo nguvu hutolewa pamoja na alama zake kisha mkazo hukokotolewa upya, au kiskala, ambapo mikazo yenyewe ndiyo hujumlishwa. Naipenda orodha hiyo kwa sababu inasomeka. Ubaya wake? Kitufe cha kupendekeza. Mtu anabonyeza, orodha inajaa, anaendelea na safari bila kuisoma.

AutoPIPE inafuata mfuatano. Mzigo mmoja unaanzia pale mwingine ulipoliacha bomba: kwanza uzito, halafu joto. Kifizikia ni wazo zuri sana. Lakini jibu linategemea hali ya mwanzo, na hali ya mwanzo imekaa kwenye mipangilio, mbali na ukurasa wa matokeo. Sisi waandika programu tunalijua jambo hili: thamani iliyofichwa inayobadilisha jibu ni mdudu anayesubiri siku yake. CAEPIPE nayo ina chaguo la kukokotoa joto kama hali ya kazi kutoa hali ya kudumu. Alama moja ya vema, na mkazo unabadilika. Nani anaikagua?

Mtasema haya ni mambo madogo. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, hapo tu ng'ambo yetu, palitokea tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9, na ardhi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Kwa hiyo hapa kwetu mzigo wa tetemeko si wa kujazia fomu. Bomba baridi lenye pengo la milimita chache pembeni litateleza kwanza ndipo ligonge kizuizi. Bomba moto huenda limeshakiegemea kizuizi hicho. Ukikokotoa tetemeko kuanzia baridi, umekokotoa tetemeko la mtambo uliozimwa! Na vikomo vyenyewe havilingani: B31.1 huruhusu nyongeza ya asilimia 15 au 20 kulingana na muda wa mzigo, B31.3 huruhusu asilimia 33. Mchanganyiko ule ule unaweza kufeli huku na kupita kule.

Najua nitakachojibiwa: wewe ni mtu wa kompyuta, waachie mainjinia. Sawa, kuchagua egemeo ni kazi yao. Lakini mpangilio wa kukokotoa, thamani za awali na kinachoonyeshwa kwa mtumiaji ni kazi yetu sisi, na tumeifanya vibaya. Wengine watasema mpangilio wa moja kwa moja unamlinda anayeanza. Kweli, orodha ya hali mia moja iliyoandikwa kwa mkono nayo ina hatari zake. Basi jazeni orodha, lakini msiifiche.

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, ripoti ichapishe kila mchanganyiko pamoja na hesabu yake na hali ulikoanzia. Pili, ionyeshe kila egemeo linashika au limeachia katika kila hali. Tatu, mipangilio yote ihifadhiwe kwa maandishi matupu, ili matoleo mawili yalinganishwe mstari kwa mstari kama tunavyolinganisha msimbo. Na wanaotoa zabuni za mabomba ya mvuke wayaandike haya ndani ya zabuni, maana muuzaji hatayaleta kwa hiari.

Rangi ya kijani kwenye skrini inasema tu kwamba namba fulani iko chini ya kikomo fulani. Haisemi namba hiyo ni ya bomba lipi: lile lililo kwenye kompyuta, au lile litakalobeba mvuke huku watu wakifanya kazi chini yake.