Dereva Aliye Tayari

Mwaka 1971 kundi la Little Feat la Los Angeles, Marekani, lilitoa wimbo uitwao Willin', jina lenye maana ya kuwa tayari. Mtunzi wake, Lowell George, alikuwa mpiga gitaa wa blues na rock aliyetelezesha juu ya nyuzi soketi ya kufungulia plagi, chombo cha fundi wa magari. Kundi liliurekodi upya mwaka 1972, na mwaka 1974 Linda Ronstadt akauimba pia.

Anayesema katika wimbo huo ni dereva wa lori. Mvua na theluji zimemmaliza. Amezunguka kutoka Tucson katika jimbo la Arizona hadi Tonopah katika Nevada, akipita njia za pembeni ili mzigo wake usipimwe kwenye mizani. Amewahi kuvusha kwa magendo bidhaa na watu kutoka Mexico. Hata hivyo anasema yu tayari kuendelea, mradi apewe bangi, vidonge vya kufukuza usingizi na divai. Katika kila taa ya gari anaona uso wa mpenzi wake Alice. Wengi husikia hapo mapenzi. Mimi nasikia macho ambayo hayajafumbwa kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema kwamba wimbo wa namna hii haufai kusikilizwa katika kikundi cha parokia. Sababu wanayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, inasema kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana kosa zito. Na namba inayofuata yahesabu matumizi ya dawa za kulevya, nje ya tiba, kuwa kosa zito pia. Dereva huyu hana utetezi wa kutosha mbele ya maneno hayo, wala mimi simtafutii.

Lakini wanaoishia hapo wamehukumu kabla ya kutazama. Padri Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi wakristo huko Ubelgiji mwaka 1925, alifundisha hatua tatu kwa mpango wake: kuona, kuamua, kutenda. Basi tuone. Dereva wa safari ndefu Marekani kwa kawaida hulipwa kwa maili. Saa anayongoja kupakia au kupakua mara nyingi haina malipo. Saa anayolala haina kabisa. Mtu wa hali hiyo akimeza kidonge cha kumkesha, usingizi wake ulikwisha kuuzwa kabla hajakimeza. Papa Leo XIII alikwisha kusema mwaka 1891, katika barua Rerum Novarum, kwamba saa za kazi zisipite nguvu za mwanadamu, na kwamba pumziko ni haki yake. Hakusema ni zawadi ya tajiri mwenye moyo mwema.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, chatuonyesha msafiri mwingine aliyechoka. Eliya alilala chini ya mti jangwani, akaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumpa kitu cha kumsukuma mbele akiwa nusu mfu. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Alipomwamsha mara ya pili, alimlisha kwanza kwa sababu njia iliyobaki ilikuwa ndefu. Ndipo Eliya akatembea siku arobaini. Nadhani kisa hiki ndicho kipimo cha kuupimia wimbo. Sisi wakristo twausifu sana utayari, na twafanya vema. Bikira Maria mwenyewe aliulizwa akakubali kwa hiari. Ila dereva wa Lowell George hakuulizwa kitu. Utayari wake umetengenezwa kwa kemikali, ukalipwa kwa maili.

Ninyi mnaoishi kando ya barabara ya Lubumbashi hadi Kasumbalesa mwayaona malori ya shaba kila siku, na foleni zake mpakani. Madereva wengi wametoka Zambia na Tanzania. Baadhi yao husema Kiswahili kama ninyi, na hulala chini ya magari yao. Wengine ni baba zenu, kaka zenu. Kikundi kikiusikiliza wimbo huu, kisianze na vidonge. Kianze na jambo ambalo ni rahisi kulipita: mwenye mzigo hatajwi hata mara moja. Dereva anajitaja mwenyewe, anamtaja Alice, anaitaja miji. Yule anayetaka mzigo ufike haonekani popote, na sauti yake haisikiki.