Upasuaji wa matundu madogo: daktari kijana anajifunzia wapi?

Ukipewa rufaa kutoka Nakivale kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, huenda ukamkuta daktari kijana ambaye bado anasomea ubingwa wa upasuaji, kwa kuwa hospitali hiyo ni ya kufundishia pia. Usishtuke. Lakini una haki ya kuuliza: nani atanipasua, na nani atamsimamia?

Swali hilo ni zito zaidi kwa upasuaji wa matundu madogo, ambao bado haupatikani katika kila hospitali. Daktari hakati tumbo kwa urefu. Anatoboa matundu machache, anajaza gesi ya kaboni dioksidi ili apate nafasi, anaingiza kamera na vyombo virefu, kisha anafanya kazi akitazama skrini. Kwa wewe unayeishi kwa jembe, kidonda kidogo maana yake ni kurudi shambani mapema.

Ugumu uko kwenye mkono. Ukiupeleka kulia, ncha ya chombo tumboni inakwenda kushoto, na picha ya skrini haionyeshi kina. Kumtazama bingwa akifanya hakutoshi. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kukaa kwenye keria.

Ndiyo maana kuna sanduku la mazoezi. Hata katoni yenye matundu na kamera ya simu inafaa: kijana anahamisha vitu vidogo, anakata kitambaa kwa kufuata mstari, anafunga mafundo, anarudia mpaka mkono uzoee. Mradi wa ALL-SAFE, wa madaktari wa Kameruni, Ethiopia na Marekani, unatumia sanduku la namna hiyo kufundisha upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, dharura inayoua akina mama.

Kwa hiyo sanduku si ghali. Kinachokosekana ni saa za bingwa kusimama nyuma ya mwanafunzi, umeme usiokatika, na gesi. Sisi wa mashirika tunapenda kupigwa picha mashine ikikabidhiwa. Mtungi ukiisha, hatupo.

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, omba mkalimani. Uliza kama aliyeshika vyombo ameshafanya mazoezi, na bingwa atakuwa chumbani au nyumbani akisubiri simu. Uliza pia kuhusu kukata tumbo, maana huenda wakaanza na matundu wakalazimika kulifungua. Hilo likitokea, usidhani umeharibiwa: daktari asiyeona vizuri ndani anatakiwa kufanya hivyo.